Nimepona Mbele za Watu

Ukitaka kunikasirisha, niambie nimepona. Niambie huku umenishika bega, halafu mgeukie aliye karibu yako useme, "Huyu ndiye yule mtoto, mwangalie alivyo mzima." Nitakuitikia alhamdulillahi kwa sababu nimelelewa vizuri, lakini moyoni nitakuwa nimeshakumwagia ndoo ya maji.

Mimi ni Shamsia, binti wa Hashimu fundi makochi wa Kitaji, hapa Musoma. Nina miaka kumi na sita na nasoma Kidato cha Pili. Ninaandika haya kwa vipande vipande, asubuhi, kabla nyundo za baba hazijaanza kugonga barazani, maana zikishaanza mimi siandiki tena wala sifikirii.

Mwaka jana wakati wa likizo nilikuwa Bunda kwa shangazi yangu Mwanaupe. Bodaboda niliyopanda ilimkwepa ng'ombe, ikafanikiwa kumkwepa, ikalivaa kalavati. Kofia ngumu ilikuwa moja na aliivaa dereva. Mimi nilizindukia Mwanza, hospitali kubwa, nimenyolewa nusu ya kichwa, mama amekaa pembeni ananikanda miguu kana kwamba ndiyo iliyoumia.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alimweleza baba mambo mawili. Kwanza, kwamba mfupa wa kichwa umeunga vizuri. Pili, kwamba ubongo nao uliumia, na ubongo hauungi kama mfupa: nitachoka upesi, nitasahau, makelele yatanitesa, hasira zitakuwa karibu, na shuleni itabidi niende taratibu kwa muda mrefu, pengine miaka. Baba aliondoka Mwanza na lile la kwanza tu. La pili alilisahau palepale, na yeye wala hakugonga kalavati.

Tuliporudi Kitaji, mtandio ukafunika kovu, na baba akafanya dua ya shukrani. Alichinja mbuzi, akaalika mtaa mzima, mafundi wenzake, wauza mitumba wa sokoni, ndugu wa Bunda, hata majirani zetu Wakristo. Watu walipokwisha kula pilau, ustadhi Jabiri aliyenifundisha madrasa tangu utotoni akaomba nisome kidogo. Kabla ya ajali nilikuwa najulikana kwa hilo. Kulikuwa na sura moja ndefu ambayo niliihifadhi nikiwa bado mdogo, na kila palipokuwa na shughuli mjini niliitwa kuisoma kwa ghibu.

Nikafungua mdomo, na sura ikatoka. Ikatoka yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, mivuto yake na vituo vyake, bila kukosea herufi. Wala sikuwa naitafuta. Ulimi ulikuwa unatembea wenyewe, mimi nimekaa tu nasikiliza kama wageni wengine. Wanawake wakapiga vigelegele. Baba akalia mbele za watu, kitu ambacho sijawahi kukiona, halafu akasimama na kusema kwamba Mwenyezi Mungu amemrudisha mwanawe kama alivyokuwa, hana alama wala upungufu. Baraza zima likaitikia amina.

Angetokea mtu mmoja pale akaniuliza jina la mgeni niliyetoka kumsalimia, au mchana nilikula nini, mambo yangekuwa mengine. Hakuna aliyeuliza. Nilipelekwa Bunda nikaisome sura, nikapelekwa Butiama kwa rafiki wa baba nikasome, na kila nilikopita nilipona upya.

Kisha nikarudi shule.

Sijui nikuelezeje. Mwalimu anaandika ubaoni, nachukua maneno matatu kwa macho, nainamisha kichwa niyaandike, mawili yameshaondoka. Narudi ubaoni kuyafuata, sioni pale nilipokuwa. Wakati huohuo mtu anaburuta kiti, mwingine anakohoa, darasa la jirani wanaimba majedwali, na vyote vinaingia kwa sauti moja, hakuna kilicho mbele wala nyuma. Kufika kipindi cha tatu kichwa changu kimekuwa kama kochi lililojazwa sponji kupita kiasi. Ukikibonyeza kitapasuka mshono. Siku moja rafiki yangu Ikhlas, ninayekaa naye dawati moja, alikuwa anabofya kalamu yake, tik, tik, tik. Niliichukua nikaitupa dirishani, na mkebe wake wa hesabu ukafuata. Ikhlas hakunisemesha kwa siku kadhaa. Mwalimu wa zamu alinipigisha magoti juani, na jua nalo likanimaliza.

Aliyenigundua ni Mwalimu Hyasinta, wa Baiolojia. Aliniita maabara, akanikalisha kwenye stuli, akanitazama bila kusema nimepona.

"Wewe hukuwaga hivi," alisema. "Kichwa inakusumbua saa ngapi zaidi?"

Nilianza kulia. Tangu Mwanza hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo.

Kwao ni Kiriba. Alinisimulia kwamba mdogo wake, Bernado, aliteleza kwenye mawe ya ziwani wakiwa watoto, akapiga kichwa. Jeraha lilipofunga wakamrudisha darasani, na kwa kuwa alionekana mzima, walimu wakamwita mvivu, wakamchapa mpaka akaacha mwenyewe. Mpaka leo yuko Kiriba anashona nyavu. "Na alikuwaga ananizidi hesabu," alisema, akafungua kabati kutafuta kitu ambacho nadhani hakikuwepo.

Basi akaanza kunisaidia, bila kelele. Alinihamishia pembeni mbele, ukutani, makelele yanitokee upande mmoja tu. Alimpa Ikhlas karatasi ya kaboni aiweke chini ya ukurasa wake, akiandika notisi nami nipate nakala, nisihangaike na ubao. Swali alinipa moja, nikilimaliza ndipo ananipa la pili. Na baada ya chai aliniruhusu nijilaze kwenye chumba kidogo nyuma ya maabara, kwenye mkeka, gizani kidogo, mpaka kichwa kitulie. Kila nilipobabaika alisema neno lilelile, "Polepole, Shamsia. Hatuna haraka." Sikuwahi kujua kwamba sentensi inaweza kukupunguzia maumivu ya kichwa. Nilianza kuelewa Baiolojia. Nilianza hata kucheka, na Ikhlas akanirudishia urafiki.

Halafu mtu mwema akamwambia baba kwamba binti yake anakwenda shule kulala.

Baba alikuja vilevile alivyokuwa kazini, ameshika koleo la kung'olea misumari, pamba imemganda kwenye ndevu. Tuliitwa ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Danford: baba, mimi na Mwalimu Hyasinta.

"Mkuu, naambiwa mwanangu analalaga huku wenzake wanasoma," baba alisema. "Nani alisema huyu mgonjwa?"

"Siyo mgonjwa, mzee," Mwalimu Hyasinta alijibu. "Ila kichwa iliumia, inachokaga haraka. Akipumzika kidogo anaelewa vizuri tu."

"Kichwa ipi? Shamsia, simama. Soma."

Nilijua anachotaka, na nilijua kitakachonipata. Lakini baba yako akikwambia soma, unasoma. Nikasimama katikati ya ofisi, kati ya vikombe vya michezo na ramani ya mkoa, na sura ikatoka kama kawaida yake, nzuri, imenyooka. Mkuu Danford ni Msabato, hakuelewa hata neno moja, lakini alivua miwani. Nilipomaliza akauliza, "Hii yote hana kitabu?"

"Hana," baba alisema.

"Basi mwalimu," mkuu akamgeukia Hyasinta, "mtoto wa kichwa kama hii tunamlazaje mchana? Kuna watu hapa wimbo wa taifa wenyewe unawashindaga."

"Mkuu, hiyo aliishika kabla ya ajali. Vya zamani vimekaa. Vipya ndiyo vinakataa kukaa. Mfundishe leo kitu ingine, kesho umuulize."

Baba alilihamishia koleo mkono wa pili. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa chini, na mimi namjua, chini ndiko kubaya.

"Mwalimu, mimi nilisimama mbele ya watu nikamshukuru Mungu. Watu wakala, wakaitikia. Leo nirudi niwaambie bado? Si itakuwa namwambia Mungu ulichonipa hakitoshi?"

Wote watatu wakanitazama mimi. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa hilohilo alilotoka kulitamka baba: bado. Ni neno dogo, hata mtoto anayejifunza kutembea analo. Nililitafuta nikalikosa. Nikibanwa, maneno yangu hukimbia yote kwa pamoja. Nikasimama pale kama niliyekubali. Lilikuja tumeshafika getini, baba ameshageuza baiskeli.

Mkuu Danford si mtu mbaya. Alisema wazi kwamba hawezi kumwombea mwanafunzi nafasi maalumu wakati mzazi wake anakana. Siku mzazi akisema kwa mdomo wake mwenyewe, yeye yuko tayari. Mpaka siku hiyo nirudi nafasi yangu na nifuate ratiba kama wenzangu. Mkeka ukaondolewa nyuma ya maabara. Nikarudi dawati la katikati, makelele pande zote.

Na mbele yangu kulikuwa na upimaji wa Kidato cha Pili. Mwalimu Hyasinta aliniambia kwamba shule ikiomba mapema, mwanafunzi mwenye shida kama yangu anaweza kupewa chumba cha peke yake na muda wa ziada. Bila hivyo nilijua nitafeli, yeye alijua, Ikhlas alijua. Baba alikuwa ameshatangaza hukumu yake: nikifeli ni uvivu, na mvivu anakwenda Bunda kwa shangazi Mwanaupe, kwenye mgahawa wake pale stendi, akakaange maandazi. Wapiga debe, honi, redio, masufuria, kutwa nzima.

Usidhani sikujaribu. Nilimfuata barazani anapigilia kitambaa, nikasema, "Baba, bado sijawa sawa, nachoka upesi." Nilikuwa nimelifanyia mazoezi hilo neno njia nzima. Hakuacha kugonga.

"Kuchoka? Nani hachokagi?"

Mama akasema kutoka mlangoni, "Baba Shamsia, jana nimemtuma chumvi kaleta kiberiti."

"Hata mimi nasahauga. Juzi nimesahau futi kamba kwa mteja." Halafu akanitazama kwa upendo, wallahi kwa upendo, hilo ndilo linaloniumiza, akasema, "Hebu nisomee kidogo, mama. Ukisoma na mimi kazi inaenda."

Nikasoma. Ningefanyaje? Aliituliza nyundo, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa utamu. Nilisoma nikiwa na hasira, na sura haikujali, ilitoka tamu vilevile. Ndipo nikaelewa vizuri mahali nilipofungiwa. Kila nikiisoma nazidisha kufuli, na yeye akiwa na shaka kidogo tu, ananiomba nisome ili shaka imtoke.

Mtihani wa nusu muhula ulipokuja nilifeli karibu masomo yote. Baiolojia niliandika swali la kwanza vizuri sana na sikufika la pili. Mwalimu Hyasinta alinirudishia karatasi bila kunitazama usoni, na nadhani alikuwa anamfikiria Bernado.

Kisha mkuu akaitisha kikao cha wazazi. Kwetu kikao hakifunguliwi bila dua, ya Waislamu na sala ya Wakristo, na safari hii Mkuu Danford, akiikumbuka siku ile ya ofisini, alitaka nifungue mimi kwa sura yangu. Alimpelekea baba ujumbe. Baba alifunga kazi mapema, akanyoa, akavaa kanzu aliyoivaa siku ya shukrani.

Nilijua kwamba baada ya kikao hicho mkuu anapeleka majina ya wanaoombewa muda wa ziada. Ikhlas ndiye aliyenikumbusha, kila siku, kwa sababu nilikuwa nasahau kila siku. Nikaanza kuwaza. Kukosea kwa makusudi sikuweza. Kwanza ulimi haukosei, pili kuipotosha herufi ya maneno yale makusudi ni dhambi, ustadhi Jabiri alitufundisha hivyo kwa bakora. Lakini kunyamaza? Nilichambua kila nilichofundishwa madrasa. Sikukumbuka mahali palipokatazwa kunyamaza. Bila shaka, mimi ni msahaulifu.

Ukumbi wetu ni madarasa mawili yaliyotolewa ukuta wa mbao katikati. Wazazi walijaa mpaka nje. Nikasimama mbele, nikapiga bismillahi, nikaanza. Watu wakatulia. Baba alikuwa safu ya tatu, ametupa kichwa nyuma, uso wake umekunjuka. Niliipita aya ya kwanza, nikapita za mwanzo zote, nikafika mahali sura inapopanda, mahali ambapo watu wote husubiri. Nikavuta pumzi. Nikafunga mdomo.

Maneno yalikuwepo. Nataka hili lieleweke. Yalikuwepo yote, yamepanga foleni nyuma ya meno, yananisukuma. Niliuma ulimi.

Mwanzoni walidhani ni kituo. Halafu mtu akakohoa. Nikamwona baba amefungua macho. Madrasani msomaji akikwama, anayejua humfungulia, humtamkia neno linalofuata ili aendelee. Baba akanifungulia kutoka safu ya tatu, kwa sauti ya kunitia moyo. Nikamtazama, nikanyamaza. Akanifungulia tena, safari hii ameshasimama. Nikanyamaza. Akaja mbele akipita katikati ya magoti ya watu, akainama kwenye sikio langu kama nilipokuwa na miaka sita, akalitamka neno herufi kwa herufi, na harufu ya gundi ya makochi ikanijia, na nikasikia sauti yake inakatika.

Ningeweza kummalizia. Pumzi moja tu ningemrudishia mwanawe mbele ya watu wote wale. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kufungua mdomo wakati ule. Nikaendelea kuuma ulimi mpaka nikaonja damu.

Baba akaninyanyulia mtandio uliokuwa umeteleza, akaurudisha juu ya kovu taratibu. Kisha akageuka.

"Mkuu," alisema. Mikono yake hakujua aiweke wapi. "Nilisema mbele za watu amepona. Na mbele za watu nasema. Mwanangu bado."

Mwalimu Hyasinta, aliyekuwa amesimama ukutani, akafunika uso kwa kiganja.

Nilipewa vyote. Jina langu lilipelekwa, nitafanya mtihani chumba cha peke yangu na muda utaongezwa. Mkeka umerudi nyuma ya maabara, kaboni imerudi chini ya ukurasa wa Ikhlas. Bunda hakutajwi. Mtaani hawaniambii tena nimepona. Wananiambia pole, na hilo nalo lina maudhi yake, lakini naweza kuishi nalo.

Ila hakuna anayeniomba nisome. Ustadhi Jabiri akipita anaangalia pembeni. Nami siwezi kusoma hata kwa kunong'ona, kuta zetu ni nyembamba. Sura inanijia nikiosha vyombo, inanijia nikitembea kwenda shule, nzima, haina hata nukta iliyopungua, na mimi naibana kwa meno. Kitu pekee ambacho kalavati la Bunda halikukigusa, ndicho ninachokificha.

Baba anaifunga kazi alasiri. Anaweka nyundo chini, makelele yanakoma, ananiita barazani tukae juu ya kochi la mteja lisilokuwa na kitambaa. Ameamua kunifundisha upya, tangu herufi ya kwanza, kama mtoto anayeanza madrasa. Anasema, nami nasema baada yake. Nikisita, na ninasita kwa sababu naizuia sura isimtangulie, ananipapasa mgongoni.

"Polepole, mama," ananiambia. "Hatuna haraka."